Hakimu na Wakili Ndani ya Sanduku la Kioo

Jumamosi, 2 Novemba 2024. Mhunze.

Leo natimiza miaka arobaini na sita tangu nilipovuka daraja la Kyaka kuelekea kusini, vita ikiwa nyuma yangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, koti moja na kamusi moja. Nilisema nitarudi mvua zikipungua. Kila mwaka tarehe hii huandika hivyo, halafu naendelea na mambo mengine.

Mwaka huu kuna la ziada. Donatus, mdogo wangu, amepiga simu asubuhi kutoka nyumbani Missenyi. Amemaliza kujenga chumba kwenye kibanja cha marehemu baba. Kina dirisha linalotazama migomba. Anasema ni changu.

"Kaka Eustace, umezeeka kwa watu. Njoo umalizie kwenu."

Anataka jibu kabla Desemba haijaingia, ili atafute gari la kubeba vitu vyetu. Nimemwambia nitafikiri. Melania, mke wangu, Msukuma wa hapa, alikuwa pale pale anachambua michembe, viazi vilivyokaushwa, akasikia yote. Baadaye nilimwona amesimama shambani kwenye matuta ya viazi aliyoyaandaa, mikono kiunoni.

Panya wetu wawili, Hakimu na Wakili, hawajambo. Melania ameosha sanduku lao leo — kioo, mchanga, maboksi, kila kitu — kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Linang'aa kama dirisha la benki.

Jumapili, 3 Novemba

Vita.

Tumerudi kutoka misa nikasikia mlio kama njugu zinazotikiswa kwenye kopo. Hakimu na Wakili wamekuwa donge moja, linabingirika toka kona hadi kona. Maranda yanaruka. Huwezi kujua mkia ni wa nani. Nikaingiza mkono. Ujinga. Nimeng'atwa kidole gumba hadi kwenye ukucha.

Melania akaja na sinia, akaichomeka katikati kama mtu anayegawa ugali.

"Baba Paskalia, mahakamani walikufundisha kuamua ugomvi kwa kidole?"

Wakili ana jeraha mkiani. Amelala ndani ya ndoo yenye maranda, kimya, ubavu unapanda na kushuka haraka. Hakimu anapiga miguu ya nyuma chini, du-du-du, kama anaita mtu.

Niandike kidogo habari zao, kwa kuwa siku nikisahau nitapenda kukumbuka. Si panya wa darini. Ni wadogo, mkia una manyoya hadi nchani, na wanasimama kwa miguu ya nyuma kusikiliza. Paskalia, binti yetu, anapika kwenye kambi ya mgodi kule Bugarama. Mjiolojia mmoja wa kigeni alimaliza mkataba, hakuweza kusafiri nao, akamwachia. Chumba cha Paskalia ni kidogo, basi akatuletea sisi mwezi wa Mei, na sanduku lao la kioo. Majirani wanawaita panya wa kioo. Majina nimewapa mimi, maana nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi nilipostaafu. Yule mweusi, mnene, mwenye kusinzia ni Hakimu. Yule wa kahawia anayesimama kila mara kama ana hoja ni Wakili. Ndugu wa tumbo moja. Miezi yote hii wamelala wamerundikana, huyu juu ya huyu.

Sielewi kilichotokea.

Jumatatu, 4 Novemba

Maduhu, bwana mifugo, alikuja kuchanja mbuzi wa jirani. Nikamwita. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mzee wangu, mimi panya nawatilia sumu, leo unataka niwatibu?"

Lakini aliwatazama vizuri. Wote madume, jeraha si kubwa, waoshwe kwa maji ya chumvi. Akasema madume wawili wakishaonja damu usiwaweke pamoja tena, uwatenge mpaka kufa. Akaenda zake.

Sikupenda neno hilo. Mpaka kufa.

Nimefikiri kwa njia niliyoizoea. Pale mahakamani, mke na mume wakigombana wazee wa baraza walisema jambo moja kila mara: mama aende kwao kidogo, hasira zipoe, kisha mume amfuate na wazee wawili, warudi nyumbani. Mara nyingi ilifaa. Hivyo Wakili ameenda kukaa kwa Sikujua, jirani yetu wa upande wa kisima. Zamani alichimba almasi Maganzo, sasa anatengeneza baiskeli.

"Shikamoo Karani. Kwa hiyo mmeniletea bibi harusi?"

"Marahaba. Amekuja kupoa."

"Nyinyi Nshomile mna mambo. Sisi tunafuga ng'ombe, ninyi mnafuga kesi."

Nshomile ndilo jina wanalotupa sisi Wahaya hapa, watu wa kujifanya wasomi. Nimelisikia muda mrefu kiasi kwamba siku nisipolisikia nadhani mtu ananinunia.

Jumatano, 6 Novemba

Hakimu hali vizuri. Hatafuni maboksi. Anakaa kona ileile na kupiga miguu.

Nilikwenda kumwona Wakili. Hali yake nzuri kupita nilivyotarajia. Yuko ndani ya ndoo kuukuu karibu na mipira ya baiskeli, Wema, mke wa Sikujua, anampa uwele na mbegu za alizeti. Mkia unakauka. Nilipomshika alinusa vidole vyangu muda mrefu. Ananuka grisi.

"Huyu sasa ni Msukuma," akasema Wema. "Bado kumfundisha kucheza ngoma tu."

Usiku wakati wa kula Melania akauliza, bila kuniangalia, dirisha la chumba kile linatazama upande gani. Nikasema mashariki nadhani. Akasema ni vizuri, jua la asubuhi halichomi. Kisha akaniongezea mchuzi.

Ijumaa, 8 Novemba

Joto kali. Wingu limepita bila kunyesha. Donatus ametuma ujumbe: je, Mama Paskalia anapenda kitanda cha futi ngapi? Sijajibu.

Jumapili, 10 Novemba

Tumemrudisha Wakili. Tulifanya kama inavyotakiwa, nusu utani, nusu kweli: mimi na Sikujua kama wazee wawili, Melania akiwa mwenyeji. Melania alikuwa ameosha tena sanduku tangu asubuhi, maranda mapya, mchanga mpya, "aingie nyumba safi, mwanzo mpya." Sikujua akatoa hotuba fupi kwa Kisukuma. Tukacheka sana.

Nikamshusha Wakili.

Hakimu akaja, akamnusa mara moja. Akamrukia shingoni.

Hii ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Sinia haikupenya. Sikujua akawamwagia kopo la maji ndipo wakaachana. Sikio la Wakili limechanika. Hakimu ana tundu chini ya jicho. Wote wawili wanatetemeka.

Sikujua alikaa kwenye kiti bila utani.

"Karani, tumempeleka mtu kwao na kwao hawamjui."

Sikupenda alivyosema. Lakini nimeandika.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimempigia Paskalia, naye akamwandikia yule mjiolojia huko aliko. Mchana jibu limekuja, Paskalia akanitafsiria kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake masufuria yakigongana na mtu akidai supu.

Kwa ufupi: panya hawa hawatambuani kwa sura. Wanatambuana kwa harufu. Wana tezi tumboni, wanasugua kila kitu kilicho chao, boksi, mchanga, mwenzao. Ukiosha nyumba yote kwa mara moja, umeifuta familia. Na ukimtoa mmoja akakaa siku nyingi kwa watu, akirudi ananuka hao watu. Kwa mwenzake ni mgeni aliyevunja mlango.

Kwa hiyo tulikosea mara mbili, na mara zote kwa nia njema kabisa.

Melania alisikiliza ujumbe mpaka mwisho, kisha akaomba niurudie.

"Kumbe ni mimi na sabuni yangu."

"Na mimi na wazee wangu wa baraza."

"Kwetu, mtu aliyegombana akirudi, nyumba inafagiliwa. Nitajuaje kuna viumbe ambao kwao uchafu ndio undugu?" Akaanza kucheka, akanipiga begani kwa upande wa khanga. Tukacheka wote.

Lakini kuna dawa. Uweke wavu katikati ya sanduku. Mmoja huku, mwingine kule. Kila siku uwabadilishe, huyu aingie kwa huyu, bila kusafisha chochote, walale kwenye harufu ya mwenzake. Hadi watakapolala wameegemea wavu, mgongo kwa mgongo. Ndipo utoe.

Jumatano, 13 Novemba

Wavu wa kuku matundu makubwa, wangepitisha pua na kung'atana. Sikujua akasimama mlangoni na chekeche yake ya zamani ya Maganzo, ya kuchekechea mchanga wa almasi. Waya mzuri, mgumu, tundu dogo.

"Imetafuta almasi miaka kumi na mbili haikuona hata moja kubwa. Acha izuie panya, angalau ifanye kazi."

Amekata kwa mkasi wa bati, akakunja kingo kwa koleo ili wasijichome, akaichomeka ikakaza kabisa. Kazi safi. Nikampa chai. Akauliza ni kweli ninahama. Nikamuuliza nani kasema. Akasema hakuna aliyesema, ila Mama Paskalia amemwuliza Wema kama angependa kuchukua kuku wake.

Hilo sikulijua.

Baada ya chakula cha mchana nikawabadilisha, kila mmoja kwenye kikombe cha plastiki. Hakimu alipofika upande wa Wakili alinusa kila inchi, akachimba, akapiga miguu. Wakili alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la Hakimu akaingia, hakutoka.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Ya kwanza ya kweli. Harufu ya vumbi lililoloa iliingia mpaka kwenye vitabu. Nilikaa barazani na blanketi magotini, sikufanya lolote, na nilikuwa na furaha isiyo na sababu nyingine.

Melania na wenzake wameenda kupanda mtama, wamerudi miguu imeganda udongo mweusi, wanapiga kelele kama wasichana. Matuta ya viazi hajayagusa.

Panya wanang'ata wavu, kila mmoja kwa upande wake. Chekeche ya Sikujua haijali.

Jumatatu, 18 Novemba

Mzigo umekuja na basi kutoka Bukoba. Donatus ametuma kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Na picha ya chumba. Kitanda kipo tayari. Futi sita, nadhani.

Nilitafuna punje tatu, nikawa mtoto kwa muda. Nyumbani kahawa hii hupewa mgeni. Huwekwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, hupewa anapokaa tu, kabla ya habari. Wenyeji huchukua wenyewe wanapotaka, hawapewi kikapu.

Nilipokwenda kumzika baba, mwaka 2009, niliketi sebuleni kwetu, hatua chache kutoka mahali nilipozaliwa, na mke wa Donatus akaniletea kikapu akiwa amepiga magoti. Kwa heshima kubwa. Shangazi, aliyekuwa bado hai, akamwuliza Donatus kwa Kihaya, akidhani sisikii: mgeni huyu anakula ndizi au tumpikie wali? Nikajibu kwa Kihaya. Wakaangaliana. Nilikuwa nimejibu vizuri, maneno yote sahihi, lakini lafudhi, walisema baadaye wakicheka, ilikuwa ya mtu wa redio. Walinipenda. Kila mmoja alinipenda. Walinipa kiti kizuri, na kila nilipotaka kusimama kuchota maji mtu alinikimbilia kuninyang'anya kikombe.

Melania ametafuna punje moja, akatema.

"Chungu kama dawa ya minyoo. Hiki ndicho mnachopewa kwenu mkifika?"

"Ndicho."

Akakunja jani la mgomba taratibu, akalirudisha lilivyokuwa. Kisha akasema yale aliyokuwa nayo tangu siku ya simu. Akasema: "Ukienda nitakwenda, usihangaike na hilo. Nimeolewa na mtu, sikuolewa na Mhunze. Ndizi nitajifunza. Ila uniambie mapema, Baba Paskalia. Nisipande viazi vya kuliwa na watu wengine."

Akaenda kufunga kuku.

Alhamisi, 21 Novemba

Gari la kampeni za serikali za mitaa lilipita na spika mbili, muziki mpaka kioo kikatikisika. Hakimu na Wakili wakatumbukia chini ya maranda, kila mmoja kwake. Walipotulia nikafukua kidogo kwa kijiko. Walikuwa wamejificha mahali pamoja, waya tu katikati. Manyoya ya huyu yamepenya kwenye matundu upande wa yule.

Nimemwita Melania. Ameinama, miwani yangu puani pake.

"Yaya," akanong'ona, yaani hapana kwa Kisukuma, "usiwafukue. Waache."

Sitaki kumgeuza panya kuwa mfano. Nilisoma vitabu vingi vya namna hiyo, mnyama anafundisha na mtu anajifunza, na sikuvipenda hata kimoja. Panya ni panya. Lakini mchana nilikuwa nikiwabadilisha, nikainusa mikono yangu. Maranda, wino, mafuta ya alizeti, moshi wa jiko la Melania. Nikajaribu kukumbuka mikono ya baba ilinuka nini. Moshi pia, lakini wa kuni nyingine. Na zile nyasi zilizotandikwa sakafuni nyumbani utotoni. Sikupata zaidi ya hapo.

Kisha nikamwona akilini Melania ndani ya chumba kile chenye dirisha la mashariki. Nilimwona wazi kabisa. Ameketi kwenye kiti kizuri. Wamemletea kikapu. Anachukua punje moja kwa adabu, anaificha shavuni, anatafuta pa kuitemea. Kila anayezungumza naye anatumia Kiswahili cha polepole. Wanampenda. Anainuka kwenda kusaidia jikoni, wanamnyang'anya mwiko.

Angevumilia. Angevumilia na asingesema chochote.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku ya tatu wanalala kwenye wavu. Hakimu ameanza tena kutafuna maboksi. Wakili amesimama mara nyingi leo, ana hoja. Paskalia anasema kesho tujaribu, mchana, kukiwa na mwanga, glavu mkononi na sinia karibu. Na tusiguse uchafu! Amerudia mara mbili, kwa ajili ya mama yake.

Jumapili, 24 Novemba

Melania hakwenda misa ili asikose.

Naandika sanduku likiwa mbele yangu, mkono wa kushoto umevaa glavu ya bustani, kalamu kulia. Wavu umetoka. Sikujua ameushika magotini kama mtu aliyeshika kofia msibani. Sinia iko kwa Melania.

Mwanzo hawakusogea. Kila mmoja amekaa upande wake kana kwamba waya bado upo. Kisha Wakili akavuka. Pua kwa pua. Masharubu yanatetemeka. Hakimu amesimama, Wakili amesimama. Wakasukumana kwa mikono, kidogo, kama mabondia wanaopimana. Melania akainua sinia.

"Subiri," nikasema.

Wakashuka. Hakimu akanusa sikio lililochanika, akaanza kulilamba.

"Anamwonja kabla ya kumla," akasema Sikujua, lakini kwa sauti ndogo.

Sasa Wakili amejipenyeza chini ya tumbo la Hakimu na Hakimu amekaa juu yake. Inaweza kuwa ndiyo namna yao ya zamani ya kulala. Inaweza kuwa mwanzo wa jambo lingine. Bado siwezi kusema. Hawajapiga miguu.

Melania, macho yakiwa kwenye kioo, ameniuliza kama anaweza kwenda kwa Wema kukata mbegu za viazi, ardhi bado ina unyevu, kesho kutwa itakuwa imekauka.

Nimemwambia akakate. Akate nyingi.

Kisha akamwachia Sikujua sinia, akachukua panga, akatoka. Namsikia sasa anamwita Wema kutoka uani, sauti imepanda kama ya siku ile ya mvua.

Simu inaita mezani. Ni Donatus, kama kila Jumapili. Hakimu amegeuza kichwa, anasikiliza. Wakili bado yuko chini yake, haonekani ila mkia. Nitavua glavu nipokee. Nitamwambia nitakuja Krismasi kuwasalimu, nitachukua kahawa kwenye kikapu na nitashukuru, na chumba akipe yeyote anayekihitaji.

Sitarudi.